Kinga ya watoto dhidi ya kuungua nyumbani

Kinga ya watoto dhidi ya kuungua nyumbani ni hatua zinazomweka mtoto mbali na moto, vimiminika vinavyochemka na vyombo vyenye joto. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Watoto wadogo huungua zaidi kwa maji, chai, uji na mafuta ya kupikia kuliko kwa miali ya moto. Ngozi yao ni nyembamba. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huiunguza vibaya kwa sekunde chache tu. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mafiga au jiko la mkaa hukaa chini, usawa wa mtoto anayetambaa, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Kuliinua jiko juu ya jukwaa la matofali, au kuziba njia ya kulifikia, kunafaa kuliko makaripio, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja haelewi onyo. Katika beseni la kuogea, maji baridi hutangulia kumiminwa. Chupa ya chai haiwekwi juu ya kitambaa kinachoning'inia mezani, ambacho mtoto anaweza kukivuta. Taa ya sola ni salama kuliko kibatari.

Mtoto akiungua, sehemu hiyo imwagiliwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, asali wala yai. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na mtoto awahishwe hospitali.