Kisima cha Wake Wawili

Katika ngome ya Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake kisiwani Pemba, kuna kisima chenye ukuta. Wapemba husimulia kuwa Mkama Ndume, mtawala katili wa ngome hiyo ya karne ya 15, aliujenga ili wake zake wawili wasikutane: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwenziwe akishuka ngazi.

Ngano? Huenda. Lakini wanaakiolojia walikuta ndani ya ngome hiyo chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa ukutani.

Ngome ya mjini Chake Chake yenyewe haikubahatika. Sehemu kubwa ilibomolewa kupisha hospitali. Kilichosalia ndicho Makumbusho ya Pemba.

 Magofu mengine ya Pemba yako Ras Mkumbuu, penye msikiti na makaburi ya nguzo; hufikiwa kwa urahisi zaidi kwa mashua.