Jina la Mwanamke Mwasi

Kati ya mwaka 1976 na 1982 zilitokea tamthilia tatu za Kiafrika zilizomkabidhi mwanamke kazi ya uasi. Watunzi wake walitofautiana kwa nchi na mtindo, lakini wote walilitazama upya jina la shujaa wao.

Katika The Trial of Dedan Kimathi (1976), ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ambayo kwa Kiswahili ni Mzalendo Kimathi, mjumbe wa wapiganaji wa msituni anaitwa Mwanamke, basi. Anapita mbele ya askari wa kikoloni akiwa na silaha iliyofichwa ndani ya mkate. Vijana wawili wanaogombana njiani anawaonya na kuwafunza, hata nao wakaingia katika mapambano.

Femi Osofisan wa Nigeria alishika njia nyingine katika Morountodun, iliyochezwa mwaka 1979. Aliuchukua uasi wa wakulima wa Agbekoya wa 1968 na 1969, akauweka kando ya hekaya ya Moremi, aliyejitia mikononi mwa adui ili auokoe mji wa Ife. Titubi, binti wa tajiri, anataka kuwa Moremi wa serikali, awapeleleze wakulima. Akiisha kuishi nao na kuyaona mateso yao, anahama upande na kupata jina jipya. Hekaya ya kale inageuka swali: Moremi aliwaokoa watu, au aliuokoa ufalme?

Penina Muhando wa Tanzania, katika Nguzo Mama (1982), aliwapa wanawake wake nambari: Bi Moja, Bi Pili, na kuendelea. Wanajaribu kuisimamisha nguzo, lakini umaskini, waume na ugomvi wao wenyewe vinawatawanya. Nguzo haisimami.

Hapa ndipo ilipo siri ya kudumu kwa wahusika hawa. Ushindi si sharti, maana wanawake wa Muhando hawakushinda. Jina lililoachwa wazi, au lililobadilishwa, ni nafasi ambayo kila kizazi kinaweza kuikalia. Mwigizaji wa leo hahitaji kufanana na mtu fulani wa zamani; hutwaa kazi iliyobaki.

Hata hivyo, heshima hiyo ina gharama yake. Vita vya Mau Mau vilikuwa na wanawake wenye majina. Muthoni wa Kirima, aliyefariki mwaka 2023, alipigana msituni na kufikia cheo cha juu kabisa cha kijeshi. Wengi waliobeba chakula, habari na risasi hawakuandikwa popote. Jukwaa linaweza kumwita shujaa Mwanamke, na watazamaji wakamwelewa. Historia haina ruhusa hiyo: deni lake ni kuwataja mmoja mmoja, wakati wanaowakumbuka wangali hai.