Juu ya Nini Wanarudi Kupanda?

Jumamosi moja mama mmoja alinisubiri karibu na gare ya Nyabugogo, pale tunapokutana na vijana wetu. Hakutaka hata kukaa. Akaniambia: "Mwanangu, yule mtoto wangu anakusikia wewe kuliko mimi. Umwambie aachane na mambo ya ndege."

Mtoto wake ana miaka 17 na anataka kuwa rubani. Sisi wakimbizi tumezoea kuambiwa kwamba ndoto zetu ni kubwa kuliko mfuko, kwa hiyo nilidhani shida ni pesa. Kumbe hapana. Tarehe 15 Aprili 2008 mama huyu alikuwa Birere, Goma, na mimba ya kijana huyo. Siku ile ndege ya Hewa Bora, aina ya DC-9, iliyokuwa inakwenda Kisangani, ilishindwa kuruka. Ikapita mwisho wa uwanja, ikaingia kwenye soko na nyumba za watu. Abiria wengi walitoka wazima. Watu karibu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa hata na tiketi: walikuwa chini, kwenye shughuli zao za kila siku. Yeye alibaki na kovu la moto kwenye mkono.

Kijana naye akaniuliza kivyake: "Yaya, mama anasema bapilote ni wajinga. Leo banazika mwenzabo, kesho banapanda tena. Juu ya nini?"

Swali zuri, lakini sikuwa na jibu. Basi nikaenda kulitafuta kwenye historia.

Nilianza na kwetu. Ndege ya kwanza kutoka Ubelgiji mpaka Kinshasa iliongozwa na Edmond Thieffry. Aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, akafika tarehe 3 Aprili. Siku 51! Thieffry alikuwa rubani wa Vita Kuu ya Kwanza, kazi iliyoua wenzake wengi. Yeye mwenyewe aliangushwa mwaka 1918, akashikwa na Wajerumani. Alikuwa amesoma sheria, angeweza kubaki wakili na kula mshahara wake chini ya paa. Lakini akarudi angani. Tarehe 11 Aprili 1929 alikufa karibu na Ziwa Tanganyika, akiwa kwenye kazi ya kujaribu safari za ndege ndani ya Kongo.

Kenya nako kuna kisa chake. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani Mwingereza, aliruka kutoka Voi na kindege chake cha Gipsy Moth. Kilianguka palepale, kikawaka moto. Alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, ambaye masimulizi mengi hayajali hata kutaja jina lake. Rafiki yao Beryl Markham alikuwa amealikwa kwenye safari ile. Mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alimwomba asubiri kwanza, akasubiri, akapona. Je, Beryl aliacha? Hapana, miezi michache tu baadaye alipata leseni yake. Mwezi Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Kanada. Wiki mbili baada ya hapo, Tom naye akafa. Na hakufa angani: alikuwa chini, kwenye uwanja wa Liverpool, ndege nyingine ilipokuwa inatua ikagonga ya kwake.

Nikiwatazama hawa wa zamani naona walipima hatari kwa moyo na kwa bahati. Tom alihisi kitu, akasema subiri. Siku nyingine angeweza asihisi. Ajali ya Voi haikupata maelezo ya kutosha, kwa hiyo waliobaki walijua tu kwamba mwenzao amekufa. Huzuni walikuwa nayo, somo hawakuwa nalo. Kwa watu hawa, mama yule hayuko mbali na ukweli.

Lakini mambo yalibadilika, na yalibadilika kwa sababu ya vifo. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife cha Hispania, ndege mbili kubwa za Boeing 747 ziligongana uwanjani katika ukungu. Watu 583 walikufa. Kapteni wa moja, mtu mwenye heshima kubwa katika kampuni yake, alianza kukimbiza ndege kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Fundi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Kapteni akajibu kwamba imetoka, na fundi akanyamaza.

Ule ukimya ndio uliowasumbua watu wa ndege. Miaka iliyofuata, huko Marekani, walikaa chini wakatengeneza mafunzo mapya: rubani msaidizi na fundi wafundishwe kusema, na kapteni afundishwe kusikia. Mwaka 1981 shirika la United likaanza kuyatoa kwa marubani wake, na leo yameenea duniani kote. Mdogo akiona hatari, ni kazi yake kusema, na akisema hajamvunjia mkubwa heshima. Kwetu ambako mtoto hamkatizi mkubwa, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo jibu la kwanza nililompa kijana ni hili: rubani mwenye akili anaporudi kupanda, hajamsahau mwenzake. Anarudi na kile kifo kilichofundisha. Kila mstari anaousoma kwenye karatasi yake kabla ya kuwasha injini, yawezekana kuna mtu alikufa ndipo ukaandikwa.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikadhani nimemaliza. Kisha nikarudi Kongo, furaha ikapungua.

Tarehe 4 Aprili 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa ilijaribu kutua Kinshasa katika dhoruba, ikaanguka. Ndani walikuwa watu 33, akapona mmoja tu. Miezi mitatu baadaye, tarehe 8 Julai, Boeing 727 ya Hewa Bora yenye watu 118 ilijaribu kutua Kisangani, nayo katika dhoruba. Zaidi ya 70 walikufa. Sidhani kama kuna rubani Kongo ambaye hakusikia habari ya Kinshasa. Somo lilikuwapo, tena bichi kabisa. Siwezi kuwahukumu marehemu, sikuwa ndani ya ndege ile. Lakini najua kwamba rubani akigeuza ndege, mafuta yanaungua, abiria wananung'unika, na tajiri anauliza pesa yake imekwenda wapi.

Na Goma je? Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikafunika kipande cha barabara ya kurukia ndege. Ndege zikaendelea kutumia kipande kilichobaki. Ajali ya Birere ilitokea miaka sita baadaye, na barabara ilikuwa bado fupi. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya Busy Bee iliyokuwa inaelekea Beni iliangukia nyumba za watu jirani na uwanja uleule, na zaidi ya watu 25 wakafa. Je, rubani ndiye angetoa lava? Je, rubani ndiye angehamisha soko?

Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyazuia mashirika ya ndege ya Kongo kuruka kwenye anga yake. Wao walipima hatari, wakakataa, na wana nguvu ya kukataa. Mtu wa Goma aliyetaka kufika Kinshasa alikuwa na njia gani nyingine? Barabara ya kufika huko hakuna. Uwanja wa Goma wenyewe ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika mjini, na wengine sasa wanapanda basi mpaka hapahapa Nyabugogo ili wakatafute ndege Kanombe.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tunauliza swali nusu. Tunauliza kama rubani ni jasiri au mjinga, na hatuulizi kama ana ruhusa ya kusema hapana.

Dereva mmoja wa basi hapa gare alinisaidia kulielewa hili. Alizika mwenzake aliyekufa barabarani, na baada ya siku chache akarudi kwenye usukani, maana watoto wanakula. Nilimuuliza anaendeshaje bila woga. Akacheka. Akasema woga upo, ila Rwanda mabasi yamefungwa vidhibiti mwendo, 60 kwa saa, basi. "Zamani abiria akipiga kelele kwamba nachelewa, nilikuwa nakanyaga mafuta. Leo namwambia: si mimi, ni mashine. Ile mashine inanisaidia kukataa."

Nilirudi kwa yule mama. Nilimweleza yote, ya Voi, ya Tenerife, ya Kisangani. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake wenye kovu ukiwa juu ya meza. Nikamwambia sitamkataza mtoto wake, lakini nitamfundisha kwamba siku ya kwanza ya urubani si siku ya kuruka, ni siku ya kukataa kuruka.

Akauliza: "Na tajiri akikasirika, akamfukuza kazi?"

Sikuwa na jibu. Kwa marubani wengi wa kwetu, hilo ndilo lililobaki bila kujibiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi asome. Lakini na hilo umwambie, usimfiche."

Nimemwambia. Ameandika kwenye daftari lake la fizikia, ukurasa wa kwanza, tarehe 15 Aprili 2008. Hakuandika kitu kingine chini yake.