Herufi Ipi Itangulie? Historia Fupi ya Fumbo la Neno la Siku

Huenda nawe hufungua simu kila asubuhi kulitafuta neno la siku: herufi tano zilizofichwa, majaribio sita, na rangi zinazokuonyesha herufi ipi imo mahali pake, ipi imo lakini pengine, na ipi haimo kabisa. Mchezo huo, Wordle, ulibuniwa na Josh Wardle kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah, mpenzi wa michezo ya maneno. Ulifunguliwa kwa umma Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua. Mchezo wa Jotto wa mwaka 1955 ulikuwa umetangulia kuwabahatishisha watu neno la herufi tano, kwa kalamu na karatasi.

Mbinu ya kulifumbua neno hilo ni kongwe zaidi. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi alieleza namna ya kusoma barua za siri: chukua maandishi marefu ya lugha ileile, hesabu kila herufi hutokea mara ngapi, kisha linganisha hesabu hiyo na alama za barua iliyofichwa. Takribani miaka elfu moja baadaye, katika alama za Morse, E, herufi itumikayo zaidi katika Kiingereza, ilipewa nukta moja tu ili itumwe upesi.

Zingatia, hata hivyo: lugha ileile. Hapo ndipo wanafunzi wangu hapa Uganda hujikwaa. Nikiwapa fumbo la Kiswahili, huiwinda E na kupachika S mwishoni, kwa mazoea ya Kiingereza, ilhali Kiganda wanachozungumza nyumbani humalizia maneno kwa irabu, sawa na Kiswahili. Kwetu inayotawala ni A.

Basi anza na “kiatu”: irabu tatu, konsonanti mbili za kawaida, wala hakuna herufi iliyorudiwa. Tuseme A na T zimo mahali pake, K imo lakini si mwanzoni, I na U hazimo. Usiharakishe. K haiwezi kuwa ya mwisho, kwa kuwa hapo ni makao ya irabu. Basi ni ya pili. Na konsonanti inayoitangulia K katika nomino zetu ni ipi, kama si M ile ya ngeli ulizokariri? Yamebaki matatu: mkata, yaani fukara, mkate, na mkato.

Ukiyajaribu moja baada ya jingine, waweza kufika jaribio la nne. Andika “ngome”, ingawa wajua fika kwamba silo jibu. E ikikubaliwa mwishoni, ni mkate. O ikionekana imo, ni mkato. Zote mbili zikikataliwa, ni mkata. Jaribio la tatu linamaliza kazi.

“Mwalimu, tuandike kosa kwa makusudi?” huniuliza. Ndiyo, huwajibu, ingawa mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu na simu yangu, huona uchungu kulipoteza jaribio, na mara nyingi huandika mkate kwanza.