Siku Tisa au Kumi na Moja

Mzee anasema zilikuwa siku tisa. Mama anasema kumi na moja. Wameoana tangu 1968, wamelea watoto wanne, wamefungua duka la vitambaa na kulifunga, na mpaka leo hawajaafikiana meli iliyowaleta kutoka Bombay ilikaa baharini siku ngapi.

Niliwafuata nyumbani kwao Iringa, karibu na soko kuu, Juni mwaka jana. Baridi ilikuwa imekaza, na Mama alinifungulia mlango akiwa amejifunga shali mbili. Nilipokuwa nasoma shahada ya kwanza Mkwawa nilinunua kwao kitambaa cha gauni la mahafali, kwa mkopo, na nililipa kwa kuchelewa. Sasa nilirudi na simu ya kurekodia na barua ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, najiita mtafiti. Niliamkia shikamoo. Mzee aliitikia, akaisoma barua yote mpaka mhuri, kisha akaongeza salamu anayompa kila anayeingia kwake: "Kamwene." Amezaliwa Iringa, mtoto wa Mgujarati mwenye duka. Kihehe chake kinanizidi mbali mimi wa Tukuyu.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu watu wa Nyanda za Juu Kusini na safari za meli. Nikiitaja, watu hucheka. Iringa iko kilomita mia tano hivi kutoka baharini, Mbeya zaidi ya mia nane. Watu wa huku tunaijua barafu ya alfajiri kwenye majani ya viazi kuliko tunavyolijua wimbi. Lakini kwa karibu karne nzima, mtu wa Iringa au Mbeya aliyekwenda mbali, iwe kuoa, kupigana au kustaafu, alikwenda kwa meli.

Siku ile niliwakuta katika ubishi. Mtoto wao wa Leicester alikuwa amepiga simu usiku uliopita. Anataka kuwalipia wazazi safari ya wiki mbili kwenye meli ya kitalii, zile kama hoteli zinazoelea, itakayopita Shelisheli. Wastaafu wenzao wa huko Uingereza wanazipenda sana, wanarudi na picha na hadithi. Mzee anataka kwenda hata kesho. Mama hataki kusikia.

"Bahari nilishaivuka," alisema akinimiminia chai. "Mara moja inatosha."

Meli iliyowaleta iliitwa Karanja. Ilikuwa mali ya kampuni ya British India, ambayo watu wa pwani waliijua kwa herufi mbili tu, BI. Kampuni hiyo ilianza kuleta meli ya barua Zanzibar mwaka 1872, na kwa miaka mia moja iliyofuata ikawa ndiyo daraja kati ya Bombay na Afrika Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilijenga meli mbili kwa njia hiyo, Kampala mwaka 1947 na Karanja mwaka 1948. Zilitoka Bombay, zikapita Shelisheli, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, zikaendelea kusini. Wahindi wengi waliojenga maduka ya Iringa, Mbeya na Tukuyu, au wake zao, au wazazi wao, walipita kwenye njia hii kwa meli moja au nyingine.

BI ilikuwa na meli nyingine mbili za njia ya London: Kenya ya 1951 na Uganda ya 1952. Hizo zilipitia Suez na Aden, na ndizo zilizobeba Wazungu wa kwetu: maofisa wa serikali wakienda likizo, walowezi wa chai wa Mufindi, wamisionari, na watoto wao. Nimesoma miaka mitatu katika madarasa ya watoto hao bila kujua. Kabla ya kuwa Mkwawa, pale palikuwa shule ya bweni ya Wazungu, St Michael's and St George's. Ofisa wa Mbeya aliyestaafu miaka ya 1950 alipanda na mkewe basi la Shirika la Reli mpaka reli ya kati, wakashuka Dar es Salaam, wakapanda meli, na wiki chache baadaye wakawa wazee wa kawaida katika mji mdogo wa Uingereza, wakiwaelezea majirani habari za maua ya Uporoto.

Meli ya Uganda yenyewe ilikuwa na maisha baada ya kustaafu. Ndege zilipowachukua abiria wake, BI iliiondoa kwenye njia yetu mwaka 1967, ikaigeuza kuwa meli ya ziara za wanafunzi, na kuanzia 1968 ilizunguka bahari ikibeba watoto wa shule katika mabweni na wazee wenye nafasi zao katika vyumba vya zamani vya daraja la kwanza. Mwaka 1982 iliitwa vitani Falklands kama meli ya hospitali. Iliuzwa vyuma na kupelekwa Taiwan mwaka 1986. Dada yake, Kenya, ilikuwa imeshauzwa vyuma tangu 1969.

Yote hayo niliyapata bila jasho. Waliosafiri daraja la kwanza waliandika kumbukumbu, wakatunza orodha za chakula na picha za dansi ya kuvuka Ikweta. Ukitaka kujua supu ya Jumanne utaijua. Ukitaka kujua aliyelala chini alikula nini, inabidi uende Iringa ukanywe chai.

Mzee na Mama walisafiri kama abiria wa sitaha. Jina hilo linadanganya, kwa sababu wengi hawakulala juu kwenye hewa bali katika ghorofa za chini, mahali penye joto na harufu ya mafuta, wengine kwenye vitanda vya chuma vya kupandana, wengine kwenye magodoro waliyokuja nayo.

"Ilikuwa raha," Mzee alianza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ametoka kuoa, anarudi nyumbani. Alikuwa na marafiki wa Mbeya na Morogoro mle melini. Walicheza karata juu mpaka usiku. Aliona pomboo. Aliwaona samaki wanaoruka. Walipofika Shelisheli, meli ilitia nanga nje na mashua zikaja kuizunguka, kwa kuwa miaka ile visiwa hivyo vilitegemea meli tu; uwanja wa ndege ulikuja kufunguliwa 1971. "Mahé ni kijani kama Mufindi," alisema. "Mlima umesimama ndani ya maji." Tangu hapo, alisema, ametaka kupaona tena. Na safari ilikuwa siku tisa.

"Kumi na moja," alisema Mama.

Msimamizi wangu alikuwa amenionya niwahoji wanandoa mmoja mmoja. Mimi nilitaka kuwasikia pamoja. Niliona ndivyo hadithi hizi zinavyoishi, mmoja akisimulia na mwingine akisahihisha. Saa ya kwanza nilijisifu moyoni. Kisha nikamgeukia Mama nikamuuliza, kwa ujinga tu wa kufuata karatasi yangu ya maswali, yeye alikumbuka nini kuhusu Shelisheli.

Alikaa kimya kidogo. Ilikuwa Julai, alisema, na kusi lilikuwa kali, meli inalipanda wimbi na kuanguka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ameolewa wiki tatu. Jina la Iringa alikuwa ameliona mara moja, nyuma ya bahasha. Siku nne hakula kitu. Mwanamke mzee aliyelala pembeni yake, ambaye hakupata kumwona tena maishani, alimpa maji ya ndimu na chumvi kwa kijiko. Mume wake alikuwa juu.

"Nilikuwa nashuka kula na wewe," Mzee alisema.

"Ulikuwa unashuka kula."

Meli ilipotia nanga Mahé walimsaidia kupanda juu, akaona ardhi. Akavua bangili zake za dhahabu, zile za harusi, akazihesabu mapajani. Zilikuwa sita. Alikuwa anapiga hesabu kama zingetosha kulipa nauli ya kurudi Bombay kwa meli itakayopita kwenda upande ule. "Sikujua nauli ni kiasi gani," aliniambia mimi, hakumtazama mumewe. "Ningejua, binti, sijui."

Simu yangu ilikuwa inarekodi juu ya meza. Mzee aliinuka, akachukua birika ambalo bado lilikuwa na chai, akaenda nalo jikoni. Alikaa huko muda mrefu. Tulisikia anafungua bomba, anafunga. Nilitaka kuomba radhi na sikujua naomba kwa lipi. Mama alivuta shali yake akaniuliza kama Tukuyu mvua zimekatika.

Hitilafu ya siku tisa na kumi na moja nimeipatia maelezo, ingawa wao sikuwaeleza. Mombasa Mzee ana wajomba. Meli ilipofunga gati alishuka, akashinda kwao, akala, akaoga. Hesabu yake inaishia pale. Mama alibaki melini akilinda mizigo, na baadaye Zanzibar tena, mpaka Dar es Salaam. Kisha basi: mwaka ule barabara kuu ya Zambia ilikuwa bado haijawekwa lami, na malori yaliyopeleka mafuta Zambia yalikuwa yameichimba kiasi kwamba madereva waliiita njia ya jehanamu. Waliupanda mlima Kitonga usiku. Mama akifikiria, hata siku ile ya basi aliiweka kwenye hesabu ya bahari.

Swali lake la nauli lilirudi kwa sura nyingine mwaka 1971, serikali ilipotwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia yote. Jengo la baba yake Mzee lilikuwa mojawapo. Ndugu wengi walifunga virago. Njia ya Bombay bado ilikuwepo, Karanja iliendelea mpaka 1976. Safari hii Mzee ndiye aliyetaka kuondoka, na Mama ndiye aliyesema hapandi meli. Wakabaki, wakipanga katika jengo lililokuwa lao. Alinisimulia hilo Mzee mwenyewe, siku nyingine, kama kichekesho cha familia: tuko Iringa kwa sababu mke wangu anaogopa mawimbi. Niliposikia rekodi upya nilitambua kwamba aliniambia hivyo kabla ya siku ya bangili.

Nina sababu yangu ya kung'ang'ania habari hizi. Baba wa babu yangu alichukuliwa Tukuyu akiwa askari wa KAR, akapandishwa meli Mombasa kwenda Ceylon na baadaye Burma. Babu na Bibi, walimu wastaafu, wakikaa barazani jioni hulisimulia kwa kupokezana, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Mzee yule alisema usiku melini ilikuwa marufuku hata kuwasha kiberiti. Hofu hiyo haikuwa ya bure: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi ikazama kwa dakika chache. Walikuwamo watu 1,511. Walikufa 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Yeye alivuka kwa meli nyingine, akarudi.

Mkewe alibaki nyumbani akimngoja. Aliambiwa mumewe yuko ng'ambo ya maji, na maji makubwa aliyoyajua yalikuwa Ziwa Nyasa. Babu anasema miaka yote ile mama yake, akishuka Kyela, alisimama ufukweni kutazama milima ya upande wa pili, akiamini mume yuko nyuma yake. Aliporudi wakaishi pamoja zaidi ya miaka thelathini. Hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kumwuliza bahari ina upana gani. Rekodi ya hao wawili haipo. Ninachofanya ni kuhoji wanandoa wa watu wengine.

Nilirudi Iringa Septemba kuwapa nakala ya mahojiano iliyochapwa. Nilikuwa nimeiweka habari ya bangili kwenye karatasi ya peke yake, ili Mama akitaka aitoe. Aliisoma akiwa amesimama, akairudisha kwenye bahasha pamoja na nyingine. Mzee aliniambia mtoto wa Leicester bado anasubiri jibu, akanipa simu nimsomee tangazo la meli kwa sababu maandishi ni madogo. Nikasoma: mabwawa ya kuogelea, migahawa, ukumbi wa sinema. Nikafika kwenye vyumba. Vya bei ya chini kabisa viko ndani, nikasoma, havina dirisha.

Mama alikuwa anakunja nguo upande wa pili wa chumba.

"Hivyo bado wanaviuza?" aliuliza.

Mzee hakuinua macho. "Chenye dirisha," alisema. "Msomee chenye dirisha."

Nikamsomea, na bei yake. Mama aliacha nguo akakaa, akaanza kupiga hesabu kwa vidole, kutoka dola kwenda shilingi, kama alivyokuwa akifanya dukani.