Shajara za Kashozi, Vitabu vya Rubya

Anayetaka kuandika historia ya Kanisa Katoliki Bukoba huelekezwa kwanza Roma. Huko ndiko ziliko nyaraka za Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kila misheni iandike shajara. Kashozi, iliyofunguliwa mwaka 1892 baada ya vita vya Mengo kumwondoa Askofu Hirth Buganda, nayo ilifuata agizo hilo.

Shajara hizo ni hazina, lakini ni sauti ya padre mgeni. Katekista aliyemtangulia kijijini mara nyingi anatajwa kwa jina la ubatizo tu: Yohana, au Petro. Yohana yupi? Roma hakuna wa kujibu. Hapo mwanahistoria hana budi kumwandikia paroko.

Naye paroko anafungua kitabu cha ubatizo. Safu zimepangwa: tarehe, jina, baba, mama, msimamizi, padre aliyebatiza. Maelezo ni ya Kilatini, majina ni ya Kihaya. Ghafla Yohana ana ukoo, na wazee wa kijiji wanaweza kuulizwa habari zake. Mfano ni Laurean Rugambwa: mzaliwa huyo wa Bukongo, Muleba, alibatizwa mwaka 1921 akiwa mtoto wa miaka minane, pamoja na wazazi wake. Mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Dunia inaijua tarehe ya pili. Ya kwanza ndiyo inayoeleza jinsi imani ilivyoingia nyumba nzima kwa siku moja.

Vitabu vya Seminari ya Rubya, iliyoanza mwaka 1904 katika Ihangiro, vinadai uangalifu huohuo. Seminari hiyo ilisomesha vijana wa Buhaya, na hata wa Rwanda, na kufikia mwaka 1917 mapadre wazalendo wa kwanza walikuwa wamepewa daraja.

Upande wa Walutheri, Bengt Sundkler wa Uppsala alikuwa na bahati adimu: mwanahistoria aliyefanya umisionari hapahapa miaka ya 1940, kisha mwaka 1961 akarudi kuwa askofu. Kitabu chake, *Bara Bukoba*, kina uzito kwa sababu aliwauliza Wahaya wenyewe. Wengi wa wenzake hutegemea barua.

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu na mchwa havisubiri mtafiti. Paroko anayejibu barua kwa kupiga picha ukurasa mzima, badala ya kunakili jina moja, anaokoa pia majirani wa Yohana ambao hakuna aliyewaulizia.