Ramani ya lahaja iliyo vichwani mwa watu

Mwaka 1939 dodoso moja lilizunguka vijiji vya Uholanzi likiwa na maswali ambayo wataalamu wa lahaja hawakuzoea kuyauliza. Halikutaka kujua jembe au ndama huitwaje. Lilitaka kujua ni wapi jirani watu husema kama ninyi, na wapi husema tofauti kabisa. Kama tofauti ipo, ni ipi?

A. A. Weijnen aliyachukua majibu ya jimbo la Noord-Brabant akayageuza kuwa mishale. Kijiji kikidai kwamba jirani yake husema kama chenyewe, mshale huviunganisha. Mishale ilipokwisha kuchorwa, ramani ilibaki na nafasi nyeupe ambazo hakuna mshale uliozivuka. Hiyo ndiyo mipaka ya lahaja kwa hukumu ya wenye lugha.

Si wote walioafiki. Huko Japani, katika miaka ya 1950, Sibata Takesi na padri wa Kibelgiji Willem Grootaers waliwauliza wanavijiji wa eneo la Itoigawa maswali ya namna hiyo. Mipaka waliyotajiwa haikulingana na ile iliyopatikana kwa kupima sauti na maneno, na Grootaers akaona haina faida. Weijnen akamjibu. Mabishano hayo yana utamu wake, ila kilichobainika pembeni ndicho kizito zaidi: mipaka ya watu ilikaribiana na maeneo ya shule na ya utawala wa kale. Vivyo hivyo Ludger Kremer, alipochunguza mpaka wa Uholanzi na Ujerumani, alikuta wakazi wakiuhesabu mpaka wa dola kuwa mpaka wa lahaja, ingawa usemi wa jadi wa pande zote mbili ulikaribiana mno. Sikio, kumbe, lilikuwa limepita forodhani.

Mmarekani Dennis Preston ndiye aliyeufanya utafiti huu kuwa taaluma yenye jina lake yenyewe, hasa kwa kitabu chake cha 1989. Aliwapa watu ramani tupu ya Marekani, wachore wenyewe. Kati ya watu 147 wa Michigan, 138 waliichora Kusini, wengi kuliko waliochora eneo jingine lolote. Walipoombwa kuyapa majimbo alama za usahihi wa Kiingereza, watu wa Michigan walijipa wenyewe alama za juu kabisa. Watu wa Alabama hawakujidai hivyo. Walijiwekea alama za juu kwenye utamu wa usemi. Aliyenyimwa heshima ya usahihi hujitafutia heshima nyingine, na sioni cha kumlaumu.

Sisi nasi ramani yetu tunayo, tena haihitaji kalamu: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Tunacheka, na Wakongo nao hucheka, ilhali huko Lubumbashi na Bukavu watoto wanaendelea kuzaliwa ndani ya lugha hiyo iliyozikwa. Nami namtazama huyo anayeitwa mzazi, Zanzibar. Lamu na Mombasa zilikuwa na tenzi na mashairi muda mrefu kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wamishonari waliofuata nyayo za mwenzao Krapf, aliyewatangulia Mombasa, walikitetea Kimvita, lahaja ya mji huo, wakashindwa. Uamuzi wa kikao ukaingia vitabuni, vitabu vikaingia darasani, na vizazi vichache baadaye mtaani unasimuliwa kama habari ya kuzaliwa.

Maswali ya 1939 yangefaa sana kuulizwa Vanga na Jasini, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Wavumba wa Vanga wana lahaja yao, Kivumba, na ng'ambo ya mpaka wako majirani waliokuwa wakivuka huku na huko tangu zamani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walianzishia mstari wao kwenye mdomo wa mto Umba, hapo hapo. Waulizwe wazee, kisha waulizwe wajukuu waliosomeshwa na serikali mbili, tuone ni nani wanaochora mshale wa kuvuka.